Tembo wa Nzoia Wako New York

Kuna tembo wanane wamesimama katikati ya ukumbi mmoja jijini New York. Ukumbi wenyewe unaitwa Akeley Hall of African Mammals, uko ndani ya American Museum of Natural History, na ulifunguliwa mwaka 1936. Tembo hao wamesimama kana kwamba wamesikia hatari na wanajiandaa kushambulia. Ngozi ni zao, lakini ndani ni sanamu. Watu hupiga picha chini yao, hununua kahawa, kisha huenda zao.

Katika kundi hilo kuna jike na ndama waliouawa huku kwetu, kwenye nyanda za mto Nzoia, Novemba 1909. Jike alipigwa risasi na Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi Machi mwaka huohuo. Ndama alipigwa na mwanawe, Kermit, kijana wa miaka 20.

Ndiyo, Nzoia hii hii. Ile unayoivuka pale Moi's Bridge ukitoka Eldoret kwenda Kitale. Ile inayopokea maji ya vijito vya Kiminini, ikanguruma pale maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, ikapita Mumias, na mvua ikizidi ikaingia nyumba za watu Budalang'i bila hodi. Ukipanda matatu Kitale, ukapita Kiminini ukielekea Webuye, utaona mahindi, miwa, boda boda na mabango ya wanasiasa. Matatu haisimami kwa sababu ya historia. Na hata ingesimama, ungeoneshwa nini?

Hilo ndilo swali langu. Safari kubwa ya Wamarekani ilipita hapa, ikaandikwa vitabuni, ikajaza kumbi za makumbusho mawili makubwa duniani. Alama zake ziko wapi? Na tukiamua kuziweka, tuandike nini juu yake?

Kitambaa kilitangulia

Kabla ya Mmarekani kufika Nzoia, jina la nchi yake lilikuwa limeshatembea barani. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 ikaweka konseli wake Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuja kutafuta pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Walichokileta kwa wingi ni kitambaa cha pamba, kigumu, kisicho na rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani. Misafara ikakibeba hadi bara, kikawa kama pesa: mikono kadhaa ya merikani kwa mbuzi, kwa pembe, kwa ruhusa ya kupita.

Njia moja ya misafara hiyo ilifika Mumias, ambako watu wa pwani walikuita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, kisha akaenda kuangalia mapango ya Mlima Elgon. Hakugundua njia. Alifuata njia ambayo wafanyabiashara wa Kiswahili waliijua tayari. Hili tulikumbuke kila tukisikia neno "mvumbuzi".

Kwa hiyo Roosevelt aliposhuka melini Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, hakuingia nchi isiyojua Marekani. Watu walikuwa wameshaivaa.

Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi

Safari hiyo iliitwa Smithsonian–Roosevelt African Expedition. Kwa nje ilikuwa safari ya sayansi: kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba jipya la makumbusho ya taifa, Washington. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alichangia gharama. Roosevelt mwenyewe alilipwa na jarida la Scribner's dola 50,000 ili aandike makala akiwa njiani. Yaani mzee alikuwa mwindaji, mwanasiasa aliyestaafu na mtengeneza kontenti, vyote kwa mpigo.

Aliandamana na Kermit, wataalamu watatu wa viumbe (Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring) na waongozaji wawili waliojua nchi, R. J. Cuninghame na Leslie Tarlton. Hao ndio wanaotajwa kwanza. Waliowabebea mizigo walikuwa wanaume zaidi ya 200: Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wakamba na wengine wengi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi siku hizo ulikuwa ratili 60 hivi, karibu kilo 27. Miongoni mwa shehena kulikuwa na tani nne za chumvi. Si ya kula. Ni ya kuhifadhia ngozi.

Wapagazi hawakukosa la kusema. Roosevelt walimwita Bwana Mkubwa, na yeye akalipenda hilo jina. Lakini magazeti yalisambaza jina la pili lililosemwa mgongoni mwake: Bwana Tumbo. Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Ukiyasoma majina hayo leo unaisikia kambi jioni: moto, posho inachemka, na watu waliochoka wanacheka kwa lugha ambayo mwajiri anaielewa nusu nusu. Kiswahili ndicho kilichoiendesha safari ile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Na neno lenyewe "safari" lilienea sana katika Kiingereza cha Marekani kwa sababu ya ziara hii. Tuliwapa neno. Walichukua na vingine.

Baadhi ya wabeba bunduki Roosevelt aliwaandika kwa majina katika kitabu chake African Game Trails, kilichotoka mwaka 1910: Bakari, Gouvimali, Juma Yohari, na Kassitura, ambaye alikuwa Msoga kutoka Uganda. Anawasifu kwa ujasiri, na huwezi kusema aliwasahau. Lakini zaidi ya hao wachache waliosimama karibu na bunduki yake, umati uliobeba chumvi haukupata majina.

Uwanda uliodaiwa kuwa mtupu

Mwishoni mwa Oktoba msafara uliondoka kwenye reli pale Londiani, ukapanda uwanda wa Uasin Gishu hadi Sergoit na Nzoia. Roosevelt aliuona uwanda mpana, wenye nyasi ndefu, twiga, kongoni na watu wachache. Ndivyo wageni wengi wa wakati ule walivyoueleza: nchi tupu.

Nchi haikuwa tupu, ilikuwa imeondolewa watu. Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo jina la kaunti ya leo, walivunjwa na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19. Wanandi waliotumia malisho hayo baada yao walipigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi, hadi tarehe 19 Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen alipomuua Koitalel arap Samoei katika mkutano ulioitwa wa amani. Upande wa Bungoma, Wabukusu walizingirwa katika ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye, mwaka 1895. Kisha, mwanzoni mwa 1905, tume ya Wazayuni ilitumwa kuukagua uwanda huo kama mahali pa kuwapa Wayahudi makao, mpango ambao walikuja kuukataa. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakapiga kambi karibu na panapoitwa Eldoret leo.

Kwa hiyo mwaka 1909 ardhi hii ilikuwa imeshawekwa mezani. Kila mgeni aliyepita aliitathmini, na Roosevelt hakuwa tofauti. Kabla ya kuwa rais alikuwa ameandika vitabu vinne juu ya jinsi Wamarekani weupe walivyoiteka magharibi ya nchi yao, The Winning of the West. Alipofika nyanda zetu za juu aliziangalia kwa macho hayohayo. Aliwasifu walowezi, akawafananisha na watu wake wa mipakani, na akaandika waziwazi kwamba hii ni nchi inayomfaa mzungu kuishi. Alikuwa mtu maarufu kuliko karibu wote duniani wakati huo. Neno lake lilikuwa tangazo.

Pale Sergoit alitazama vijana wa Kinandi wakimzunguka simba na kumuua kwa mikuki. Simba alimrarua mmoja wao kabla ya kufa. Roosevelt alistaajabu, akaandika kurasa za kuusifu ushujaa huo. Ni miaka minne tu tangu Koitalel auawe. Mikuki ileile iliyohesabiwa kuwa uasi mwaka 1905, sasa ilikuwa onyesho kwa mgeni wa heshima. Waliokuwa wameishika wangetuambia mengi kama kuna mtu angewauliza.

Siku ya tembo

Carl Akeley alikuwa amekuja Afrika na mkewe, Delia, kwa kazi ya makumbusho ya New York. Katika kundi lake alikuwemo John McCutcheon, mchora katuni wa Chicago Tribune, ambaye naye aliandika kitabu. Akeley alitaka kutengeneza familia nzima ya tembo, si fuvu na pembe za kutundika ukutani. Roosevelt alikuwa ameahidi kumsaidia. Misafara miwili ya Wamarekani ikakutana kwenye nyanda za Nzoia, na wakaenda pamoja kutafuta kundi.

Roosevelt alipiga majike. Akeley alihitaji na mtoto, ndipo Kermit akaitwa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukikumbuke, kwa sababu risasi ni sekunde, lakini ngozi ya tembo ni kazi ya siku nyingi. Inachunwa kwa vipande ikiwa bado mbichi. Inapunguzwa unene kwa visu, kidogo kidogo, kwa ndani. Inapakwa chumvi, inakaushwa, inakunjwa, inafungwa kwenye miti na kubebwa na watu wengi. Kwapani jua, puani harufu. Kutoka Nzoia hadi reli ni mwendo wa siku kadhaa. Kisha Mombasa, meli, bahari, New York. Huko Akeley alitumia njia aliyoiendeleza yeye: kuunda mwili kwa udongo, misuli na mikunjo yote, ndipo ngozi ivalishwe juu ya umbo. Ndiyo maana tembo wale wanaonekana hai. Jina la ukumbi ni lake, na amestahili sifa ya fundi. Lakini tembo hao wana mafundi wengine, wale wa visu na chumvi, na jina la hao haliko juu ya mlango wowote.

Safari ilipokwisha Khartoum, Machi 1910, Roosevelt na Kermit walikuwa wameua wanyama 512 kati yao: baba 296, mwana 216. Humo mlikuwa na tembo 11, simba 17 na vifaru 20. Ukijumlisha panya, ndege, nyoka na wadudu waliokusanywa na wataalamu, vielelezo vilizidi 11,000. Sayansi ilifaidika, hilo halina ubishi. Watafiti bado wanavitumia vielelezo hivyo kujua wanyama wa zamani walikuwaje na waliishi wapi. Lakini ukitaka kusoma orodha ya viumbe walioishi Nzoia kabla ya mahindi, utahitaji viza.

Jiwe liko Kijabe

Je, alama za safari hii ziko Kenya? Zipo kiasi. Kijabe kuna jengo linaloitwa Kiambogo, la shule ya Rift Valley Academy, ambalo Roosevelt aliliwekea jiwe la msingi tarehe 4 Agosti 1909. Nairobi kuna hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904, ambayo ni sehemu ya hadithi za misafara ya enzi hiyo. Mahali penye jengo, kumbukumbu hupata ukuta wa kujiegemeza. Nzoia hakukuwa na jengo. Kulikuwa na mahema, na mahema yaling'olewa.

Wamarekani wenyewe wanajua kuweka alama hata mahali palipokuwa na hema tu. Mwaka 1804 hadi 1806, Meriwether Lewis na William Clark waliongoza msafara uliovuka bara lao hadi Bahari ya Pasifiki. Leo njia yao ni urithi wa taifa tangu 1978, na msafiri anaweza kuifuata kambi kwa kambi. Huko Montana kuna jabali lenye jina la Clark, alilolichonga kwa mkono wake mwaka 1806. Kwa miaka mingi alama hizo zilisema Lewis na Clark, basi. Baadaye ndipo Sacagawea, mwanamke wa Kishoshoni aliyetembea nao na mtoto mchanga mgongoni, akapewa nafasi yake, hadi sura yake ikawekwa kwenye sarafu ya dola mwaka 2000. York, mtumwa wa Clark, aliyekwenda safari nzima bila malipo na kurudi akiwa bado mtumwa, alipewa cheo cha heshima cha sajini mwaka 2001. Karibu miaka 200 baadaye, lakini alipewa.

Na pale New York, mlangoni mwa makumbusho wanakokaa tembo wetu, kulikuwa na sanamu ya shaba tangu 1940: Roosevelt juu ya farasi, na kando yake, wakitembea kwa miguu, Mwafrika mmoja na Mmarekani wa asili mmoja. Hawakuwa na majina. Sanamu iliondolewa Januari 2022. Tembo walibaki.

Ng'ambo ya nani?

Angalia jina Trans Nzoia. Maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Ng'ambo kwa nani? Kwa mtu aliyesimama upande wa Uasin Gishu akitazama huku. Mtu wa Kiminini hayuko ng'ambo ya kitu chochote, yuko kwao. Lakini jina la kaunti yake limebeba macho ya msafiri hadi leo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, upande huo wa ng'ambo uligawiwa walowezi, wakiwemo wanajeshi wa Uingereza waliozawadiwa mashamba. Reli ilifika Kitale 1926. Waafrika walibaki mashambani kama vibarua, kipande shingoni. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale 1956, na mwaka 1964 ikaja mbegu chotara 611 iliyobadilisha sahani za nchi nzima. Baada ya uhuru mashamba yakakatwa, skimu zikaanzishwa, watu wakanunua na kuhamia. Mahindi unayoyaona Kiminini yana historia ya nani alipewa, nani alinunua na nani bado anadai. Haya si mambo ya kale. Ugomvi wa ardhi Mlima Elgon ulimwaga damu kati ya 2006 na 2008.

Wanyama nao walifuata njia hiyo. Tembo wa uwandani hawapo tena. Waliosalia eneo hili wako Mlima Elgon, ambako huingia pango la Kitum usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe. Twiga wa Uasin Gishu, wale tunaowaita wa Rothschild, walibaki kundi dogo kwenye ranchi moja ya Soy. Ranchi ilipokuwa inakatwa kuwa mashamba, twiga mmoja mchanga, Daisy, alihamishiwa Nairobi mwaka 1974. Ndiyo asili ya twiga wa Giraffe Centre, Lang'ata. Kama umewahi kupiga selfi ukimlisha twiga pale, umepiga picha na mkimbizi wa huku.

Tuandike nini?

Kitale tuna makumbusho. Yalianza na mkusanyo wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyewapenda vipepeo na ndege na kuwakusanya tangu miaka ya 1920, na serikali ikayafungua kwa umma mwaka 1974. Ni mahali ambapo mtoto wa Kiminini anaweza kwenda kwa nauli ya matatu na kurudi jioni. Kama kuna mahali pa kuanza, ni hapo.

Sisemi tembo warudishwe. Ngozi ya mwaka 1909 juu ya sanamu haitazaa. Wala sisemi tuweke kibao kando ya mto cha kujisifu kwamba Roosevelt alilala hapa. Kibao cha namna hiyo kingerudia kosa la ile sanamu ya shaba: mmoja juu ya farasi, wengine wanatembea.

Tunaweza kuomba nakala za shajara, picha na rejista za vielelezo kutoka Washington na New York, zikae Kitale, zitafsiriwe, zisomwe. Nyingi ni mali ya umma tayari. Tunaweza kuitambua njia ya Londiani, Sergoit hadi Nzoia kuwa njia ya kihistoria, kama wenzetu walivyofanya na ya kwao. Na pale mtoni, karibu na daraja, kibao kimoja cha Kiswahili kingetosha. Kiseme kwamba hapa palikuwa na tembo. Kiseme nani alikuwa akichunga hapa na aliondokaje. Kiseme kwamba mwaka 1909 Wamarekani walikuja kuwinda, na kwamba wanaume waliowaita Bwana Tumbo na Bwana Maridadi walibeba tembo mzima kwa mabega hadi kwenye reli.

Kisha kiwataje tunaowajua: Bakari, Gouvimali, Juma Yohari, Kassitura. Chini yao paachwe nafasi.